Tupeane uzoefu: Porsche 911 za kupoozwa kwa upepo, ugonjwa gani ulikusumbua na mwisho ulikuwa wapi?

Roka12
Habari zenu wakuu. Uzi huu ni wa wenye 911 zisizo na rejeta, kuanzia zile za miaka ya sitini mpaka za mwisho za 1998. Leta kilichokukuta wewe mwenyewe, gari ilianzaje kuumwa, ulihangaika na nini, na tatizo lilikuja kuonekana wapi.

Naanza mimi. Yangu ni 911T ya 1970, lita 2.2, kabureta mbili (za kuchanganya mafuta na hewa) zenye koo tatu kila moja. Ilianza kupiga mapaa kwenye ekzosi nikiachia mafuta, kwenye sailensi (injini ikinguruma bila kukanyaga mafuta) inatetemeka, nikajua tu hizi ni kabureta. Nikafungua, nikasafisha jeti (vitundu vya kupitishia mafuta), nikabadili gaskiti, nikachezea skrubu za mchanganyiko, leo iko poa kesho imerudi palepale. Miezi mitatu hiyo! Siku moja nikaachana na kabureta nikafungua vifuniko vya valvu, asubuhi, injini imelala usiku kucha, maana hizi zinapimwa zikiwa baridi kabisa na nafasi kati ya valvu na roka inayoisukuma ni 0.10 mm. Valvu mbili za ekzosi fila geji (kibati chembamba cha kupimia nafasi hiyo) haikupenya kabisa. Zimebana, hazifungi vizuri, kompresheni inatoroka, sasa hapo kabureta ingesaidia nini?

Nikaweka puli kwenye alama ya Z1, yaani pistoni namba 1 iko juu kabisa, silinda namba 1 valvu zote mbili zikiwa zimefunga, nikarekebisha, nikazungusha nyuzi 120 nikaenda namba 6, halafu 2, 4, 3, 5. Baada ya hapo taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche. Kabureta nilizishika mwisho kabisa, injini ikiwa na moto wake, nikachomoa fito za eksileta, nikapima upepo koo moja moja mpaka pande zote mbili zikavuta sawa, ndio nikagusa mchanganyiko, fito nikarudisha. Ikatulia. Kwa hiyo mimi msimamo wangu ni huo, valvu, plagi na taimingi kwanza, ukianzia kabureta unaficha ugonjwa.

Koo_Tatu
Naunga mkono ila niongeze kitu mkuu. Valvu ya ekzosi ikibana, ukairekebisha, halafu baada ya kilomita chache imebana tena, usiendelee kurekebisha. Hapo ama kiti chake kinaliwa ama valvu yenyewe inarefuka, na ikikatika kichwa inaondoka na pistoni. Mimi niliirekebisha mara tatu kabla sijaelewa, nashukuru niliwahi kushusha hedi (kichwa cha silinda).

Mama Boksa
Yangu ilikuwa joto. Ikitembea kwenye foleni geji ya oili inapanda mpaka naogopa, nikabadili temostati, nikabadili oili, wapi. Kumbe aliyeifanyia kazi kabla yangu alishusha injini akairudisha bila ile mpira inayozunguka injini kwenye bodi, na bati moja la upande hakulirudisha. Watu wanayaona hayo mabati kama mapambo, wakati kazi yake ni kutenganisha hewa baridi ya juu na hewa moto ya chini, ukiyaacha wazi feni inanyonya joto la ekzosi na kulirudisha kwenye silinda. Nilivyoziba, tatizo likaisha. Na mkanda wa feni ukaguliwe, ukikatika zima gari hapohapo, usiseme nifike tu nyumbani.

Dipstiki
Mimi ni oili. Nilipima asubuhi gari imezimwa, stiki kavu, nikaongeza lita mbili kwa hofu. Nikawasha, kufika barabarani moshi mweupe umefunika kila kitu na oili imejaa kwenye kichungi cha hewa. Oili ya hizi gari inakaa kwenye tangi lake pembeni, ikilala inashuka taratibu kwenye injini, ndio maana stiki inakudanganya. Inapimwa injini ikiwa ya moto, inanguruma, na gari iko sehemu tambarare. Nawaomba wageni mlishike hili.

SC_Nyekundu
Wenye zile za injeksheni ya CIS (inayomwaga mafuta mfululizo, haina kabureta), yangu ilipiga paa moja asubuhi nikiwasha na boksi la plastiki la hewa likapasuka. Usikanyage mafuta wakati wa kuwasha, na weka ile valvu ya kutolea presha kwenye boksi. Kujua kama kuna sehemu inavuta upepo, iache ingurume halafu fungua kifuniko cha oili, sailensi lazima ivurugike au injini izime, ukiona haibadiliki kitu ujue upepo unaingia kwingine.

Gia Tano
Yangu ilikuwa haiwaki kabisa. Nilifungua swichi nikasikiliza, ule mlio mwembamba wa boksi la CDI (linalotengeneza umeme wa plagi) haupo. Ilikuwa waya wa athi umeota kutu. Ila msilishike boksi hilo likiwa na umeme, volti zake ni za kuua.

Sailensi
@Roka12 yangu inamisi upande mmoja na jana nilikuwa nimeshaagiza seti ya vipuri vya kukarabati kabureta. Nipime valvu kwanza?

Roka12
Pima ndugu, iache ilale usiku mzima.

Sailensi
Nimepima leo alfajiri. Ekzosi ya silinda namba 5, fila geji haiingii.