Halmashauri ina haki ya kuuza mchoro wa wananchi?

Wadau, juzi mwenzetu mmoja aliandika humu kwamba halmashauri ikiishiwa, iuze hata picha zilizotundikwa ukutani. Nikaikumbuka Bury, mji wa jirani na Manchester, Uingereza.

Mwaka 1951 Bury walinunua mchoro wa L. S. Lowry, A Riverbank, kwa pauni 175. Mwaka 2006 bajeti ilipopwaya, halmashauri ikaupeleka mnadani London, nyundo ikagonga kwenye pauni milioni 1.25. Kwa kuuza huko, makumbusho yao yakafutwa kwenye orodha ya makumbusho yanayotambuliwa rasmi.

Na Lowry hakuwa mchoraji wa mabwanyenye. Mchana alizunguka mitaani kukusanya kodi za pango, brashi anashika usiku. Rangi zake tano tu: nyeupe, nyeusi, nyekundu, buluu na manjano ya udongo. Utazame Going to the Match wa 1953: watu wembamba kama njiti za kiberiti wameinama mbele kama wanaosukumana na upepo, wote wanamiminikia uwanja wa Bolton, nyuma yao dohani za viwanda. Watu wa namna hiyo ndio waliolipa zile pauni 175.

Mimi napinga. Pengo la bajeti litarudi mwakani, mchoro haurudi. Nawasilisha.

Mchangiaji wa kwanza: Mkuu, unaongea kama hujawahi kuuguza mzee. Milioni 1.25 ni mishahara ya wahudumu wangapi wa wazee? Lowry mwenyewe alimhudumia mama yake aliyelala kitandani miaka kadhaa. Angewaelewa Bury kuliko wewe.

Mleta mada: Hapo kwa mama umenishika, nakiri. Ila angalia 2022. Mfuko wa hisani wa wanasoka wa kulipwa uliuza huo Going to the Match, na jumba la sanaa la The Lowry kule Salford likaununua kwa pauni milioni 7.8, fedha za mfuko wa hisani wa familia tajiri. Yaani ili umma upate mchoro wa makabwela, lazima tajiri aingize mkono mfukoni. Bury walikuwa na wa kwao tayari!

Mchangiaji wa pili: Mnabishana bure. Kabla ya kuuza, utundikwe mwezi mzima pale watu wanapolipia ushuru, tuhesabu wanaosimama kuutazama.

Mchangiaji wa kwanza: Wakisimama watatu?

Mchangiaji wa pili: Waulizwe hao watatu.