"Set" ya kazini kwako ni ipi? Tupeane uzoefu

Fundi wa Baridi: Wana Mombasa, hamjambo. Hili neno la Kiingereza "set" linatufuata toka darasani hadi jikoni. Kamusi kubwa ya Oxford, toleo la 1989, ilikipa kitenzi hicho maana 430. Siku hizi limepitwa na "run", lenye 645. Za kamusi waachieni wenyewe, mimi nataka zenu.

Naanza. Nashughulika na makontena ya baridi Kilindini. Set kwetu ni joto lililoagizwa. Samaki wa barafu huwa nyuzi hasi 18 za Selsiasi. Kwenye kioo cha mashine, set ni ile iliyoagizwa, na pembeni unasoma joto la ndani lilivyo hasa. Kijana wa klia, yule wakala wa kutoa mizigo bandarini, akiona hazilingani, simu! Mzigo umeoza! Kumbe mashine inayeyusha barafu iliyojishika ndani yake, na joto litarudi.

Weita Nyali: Mmarekani akikwambia "we're all set", usilete kitu, ametosheka. Mwenzangu mgeni kazini alisikia "set" akakimbilia visu na uma, maana kwetu kuseti meza ndio wimbo wa kila asubuhi. Akaipanga upya meza ya watu walioshiba, nao wanamtazama tu. Wale walikuwa wanangoja bili.

Mama Rola: Saluni yangu iko Majengo. Mama mtu mzima akisema "niseti", ni rola kisha akae chini ya draya. Binti akisema hivyo hivyo, anataka nywele za pajini zilazwe kwa jeli. Sishiki kitana kabla sijauliza, kwani bei si moja na maneno ya wateja mwayajua.

Mwalimu Likoni: Kwetu ni setibuku, kitabu cha fasihi kilichoteuliwa kwa mtihani. Mtoto kaniuliza, "Kwani vingine havijaseti?"

Mwashi: Hapo kwenye kuseti ndipo wenye nyumba wanapotuudhi. Anabonyeza zege kwa kidole, haliingii, basi ataka kuta zipande kesho. Jamani, saruji haikauki kama nguo, inashikana kwa kula maji. Kuseti ni mwanzo tu, saa chache. Nguvu inaendelea kuja, ndiyo maana wahandisi huipima siku ya 28. Jua letu la Januari likiyanyonya maji mapema, zege linapasuka nyufa, halafu lawama kwa fundi.

Kijana wa Kongowea: Mtaani mtu "akisetiwa" ametegewa. Hiyo haina rola wala saruji 😂

Mjukuu wa Kuze: Ami Mwashi, nimemwaga slebu jana Bamburi. Nimwagilie siku zote 28?

Mwashi: Saba za kwanza usikose hata moja, mwanangu. Funika magunia, yawe majimaji mchana kutwa. Na maji ya kisima chenye chumvi usitie, yatakula nondo.