Naomba ushauri: nichague chuo kipi kwa shahada ya biashara?

Habari zenu wakuu. Nimepata nafasi vyuo viwili kusomea shahada ya kwanza ya biashara, na siku za kuthibitisha zinayoyoma. Kimoja kina jina kubwa, ila nilipoingia kwenye mhadhara wa mwaka wa kwanza, wengine walisimama mlangoni na hakuna aliyepata nafasi ya kuuliza swali. Cha pili ni kidogo, lakini muhula mzima ni mafunzo kwa vitendo kwenye kampuni, jambo linalonivutia sana. Nimelinganisha mitaala; uhasibu karibu unafanana.

Lengo langu baadaye ni ACCA, ile sifa ya kimataifa ya uhasibu inayopatikana kwa kufaulu mitihani yake. Je, nitajuaje kama shahada ya chuo kidogo itanipa msamaha wa baadhi ya mitihani? Na nyinyi mnaoajiri, huwa mnaangalia kwanza jina la chuo au uzoefu?

Natanguliza shukrani.