Nationals msajilini Framber Valdez, acheni kujificha nyuma ya Strasburg!

Wakuu wa besiboli, Novemba hii ya 2025 nimevumilia wiki nzima, leo nimeshindwa. Kila mtu akigusia kwamba timu yetu ya Washington, Nationals, imsajili mrushaji mpira Framber Valdez, anaibuka mjuaji: "Umesahau Strasburg?" Nani asahau? Mrushaji wetu huyo, Desemba 2019 alipewa dola milioni 245 kwa miaka 7, akarusha mechi 8 tu mpaka anastaafu. Iningi (vipindi vya mchezo, kila mechi ina tisa) 31 na ushee. Pigeni hesabu, inakaribia milioni 8 kwa iningi moja! Na kwa mliozoea soka: huku mchezaji huru hana ada ya uhamisho, lakini akisaini, mshahara wake ni wa uhakika. Mkono ukifa mwezi wa kwanza, unamlipa mpaka senti ya mwisho.

Haya. Ila Strasburg alikuwa mtoto wa nyumbani, tulimchagua wenyewe 2009 kwenye mgao wa vijana wapya. Kiwiko kilipasuliwa 2010. Mwaka 2012 wakamsimamisha kwenye iningi 159 ili wamtunze, tukaingia mtoano bila yeye na St. Louis wakatutoa. Halafu 2019 akatupa kombe, akawa mchezaji bora wa fainali, na wenye timu wakamlipa kwa shukrani. Walilipia yaliyokwisha kutokea. Mwaka 2021 akaondolewa ubavu mmoja na misuli miwili ya shingo, Juni 2022 akarudi mara moja Miami, akapigwa pointi 7, basi.

Mwenye kuumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, sawa. Lakini mbona Max Scherzer hamumtaji? Huyo ndiye tulimtoa sokoni, Januari 2015, milioni 210, na umri wake ulikuwa 30 tayari. Mwaka ule ule akarusha mechi mbili ambazo wapinzani hawakupata hata hiti moja, yaani pigo safi. Mwaka uliofuata akawatoa wapigaji 20 wa Detroit kwa straiki, timu yake ya zamani! Tuzo mbili za Cy Young, ya mrushaji bora wa mwaka, akiwa kwetu. Nusu ya pesa yake iliahirishwa, tunamlipa mpaka 2028, na mimi sidai chenji. Hata mrushaji Patrick Corbin mnayemtukana, milioni 140, ndiye aliyeingia mechi ya saba kule Houston akashika iningi tatu bila kuruhusu pointi, ushindi ukaandikwa kwa jina lake. Baadaye akawa jalala, ndiyo. Kombe lipo lakini.

Baada ya hapo tumekuwa watu wa kuokoteza. Tangu 2019 hatujamaliza msimu hata mmoja ushindi ukizidi vipigo. Mwaka 2022 tulipoteza 107. Mwaka huu tumepoteza 96, kocha na meneja mkuu wakafukuzwa siku moja Julai, kama vile wao ndio walioshika pochi.

Agosti nilimpeleka mwanangu uwanjani. Treni nyekundu kutoka Silver Spring, tukabadilisha Gallery Place, kijani mpaka Navy Yard. Soseji haijapoa, mrushaji wetu anakabidhi mpira iningi ya tatu. "Baba, huyu ameshamaliza?" Ameshamaliza, baba. Nyuma yetu kulikuwa na mzee anayejaza karatasi ya mechi kwa penseli, kisanduku kwa kisanduku. Akaikunja, akaitia mfukoni, akakaa tu anatazama mto. Zilibaki iningi sita!

Sasa Valdez. Anarusha kwa kushoto, mpira wake unazama, wapigaji wanaishia kuugonga chini. Mwaka 2022 alifikisha mechi 25 mfululizo za iningi sita au zaidi na pointi zisizozidi tatu za kumhesabia yeye, rekodi ya msimu mmoja. Mwaka huu iningi 192. Sisi tunamtafuta mtu wa kufika iningi ya sita, jamani, hatutafuti malaika.

Kasoro zipo. Ametimiza miaka 32 mwezi huu, na kwa kuwa aliikataa ofa ya mwaka mmoja ya timu yake, Houston, atakayemsajili anapoteza nafasi ya kuchagua kijana kwenye mgao. Lakini hoja nzito hakuna anayeigusa: mpira wa chini unataka mtu wa kuudaka, na pale kati ya besi ya pili na ya tatu tunaye CJ Abrams. Akiwa na gongo nampenda, akiwa na glovu nafumba macho. Ukimleta Valdez, mhamishe Abrams besi ya pili siku hiyo hiyo, la sivyo umenunua pampu na bomba limetoboka. Hilo ndilo la kubishania, siyo ubavu wa Strasburg.

Miaka minne, pesa nyingi mwanzoni. Akitaka saba, aende zake, hapo hata mimi nitampungia mkono.

Na kabla hujaandika "Strasburg" hapo chini, nijibu kwanza: kama mrushaji wetu MacKenzie Gore naye anauzwa kama mnavyoshabikia, siku ya ufunguzi anarusha nani?