Gary Marx alipoondoka: Floodland ni ya The Sisters of Mercy au ya Eldritch peke yake?

Mleta mada
Wakuu, The Sisters of Mercy, bendi ya roki ya Uingereza, iliasisiwa Leeds mwaka 1980 na watu wawili, Gary Marx wa gita na mwimbaji Andrew Eldritch. Marx alijitoa 1985, wiki chache baada ya albamu yao ya kwanza, First and Last and Always, kutoka. Kabla mwaka haujaisha, Wayne Hussey wa gita na Craig Adams wa besi nao wakaondoka. Novemba 1987 ikaja albamu ya Floodland kwa jina lilelile la bendi, nyimbo zote utunzi wa Eldritch. Msimamo wangu: jina lilipaswa kuzikwa 1985. Kwenye albamu ya kwanza muziki wa "Nine While Nine" na "Some Kind of Stranger" ni wa Marx, na wa "Marian" ni wa Hussey. Ukiwaondoa watunzi hao, umebakiwa na mwimbaji na jina.

Fundi Mitambo
Napinga, mkuu. Umemsahau mpiga ngoma, na huyo hakuondoka. Singo ya kwanza Eldritch alipiga ngoma mwenyewe, kisha ikaja mashine ya ngoma waliyoibatiza Doktor Avalanche. Vyombo vilibadilika, kuanzia Boss DR-55 hadi Roland TR-808 na Oberheim DMX, jina likabaki.

Mtindo wote wa bendi unaanzia hapo. Mashine ya namna hii hupangwa kwa hatua 16 kila ba (kipimo kimoja cha mdundo). Haichoki na haikimbii kiitikio kikifika. Kwa hiyo msukumo unabebwa na besi: nota nane kila ba, kwa piki (kipande kidogo cha kupigia nyuzi), mkono hausimami. Sikiliza "Lucretia My Reflection" ya Floodland, ngoma na besi zinavyotangulia kabla ya kingine chochote.

Bendi zinazoiga hukosea palepale. Huweka mpiga ngoma mwenye madoido, mpiga besi anatumia vidole, sauti ya mwimbaji inazama. Sauti nzito ya kiume na besi ya vidole zinagombania eneo moja la masafa ya sauti, takriban hezi 100 hadi 250. Punguza besi hapo, tumia piki, pandisha kidogo kuanzia hezi 800. Maneno yatasikika bila kuongeza sauti ya mwimbaji.

Nyuzi 12
Hayo ni mifupa, fundi, na mifupa nakukubalia. Nyama ilikuwa gita. Hussey alileta gita la nyuzi 12: kila uzi una pacha wake, kwa hiyo nota moja inametameta juu ya besi bila kuigusa. Kwenye Floodland nafasi hiyo imechukuliwa na vinanda na kwaya. "This Corrosion" aliiprodyuzi Jim Steinman kwa kwaya ya watu 40, toleo la albamu linakaribia dakika 11, na singo ilifika nafasi ya 7 Uingereza. Naipenda sana. Lakini ukiipiga mara tu baada ya "Marian", unasikia nyumba mbili tofauti.

Besi Kavu
Nyumba mbili, sawa, lakini hakuna aliyenyang'anywa. Marx alianzisha bendi ya Ghost Dance. Hussey na Adams walitaka kujiita The Sisterhood. Eldritch akawawahi kwa singo "Giving Ground" chini ya jina hilo, Januari 1986, nao wakawa The Mission. Ule ulikuwa ukali, na sioni haja ya kuupamba. Ila jina la The Sisters of Mercy lilibaki kwa mwasisi wa pili, ambaye hakuwahi kutoka. Mngempa nani mwingine?

Mleta mada
Kuhusu haki ya jina nimekuelewa, na hoja ya mashine imeniyumbisha. Bado sijaridhika na neno "bendi". Picha za Floodland zinaonyesha wawili, Eldritch na mpiga besi Patricia Morrison aliyetoka bendi ya The Gun Club, na mchango wa Morrison kwenye rekodi yenyewe unabishaniwa hadi leo. Halafu albamu haikufanyiwa ziara. Walirudi jukwaani 1990, wakati wa albamu ya Vision Thing, Morrison akiwa ameshaondoka.

Fundi Mitambo
Na 1990 nani alikuwa kwenye ngoma? Doktor Avalanche.