Mtwara hadi Dar na watoto wadogo wawili: tupakie nini, na kikae wapi ndani ya gari?

Mama Swaumu
Wakuu, habari za jioni. Shule zikifungwa mwezi wa sita tunakwenda Dar kwa gari letu, Toyota Rumion. Tuko wanne: mimi, baba yao, mkubwa ana miaka mitano na mdogo ana miezi kumi. Mkubwa hutapika akikaa ndani ya gari zaidi ya saa moja. Orodha za safari zimejaa mtandaoni, ila nyingi zinamhusu mtu anayekuta duka na choo kila baada ya nusu saa. Barabara yetu ya Kilwa mnaijua. Naomba mnisaidie: maji lita ngapi, chakula gani kinafika salama, dawa zipi, matapishi yanakingwa na nini siku hizi ambapo rambo hakuna, na hayo yote yapangweje ndani ya gari dogo?

Dereva wa Kusini
Dada, anza kwa kuhesabu barabara, mizigo baadaye. Mtwara hadi Dar ni kama kilomita 560. Dereva aliye peke yake hutumia saa nane au tisa. Kwa mtoto wa miezi kumi tenga saa kumi na moja hadi kumi na mbili, kwa sababu kila baada ya saa mbili mtasimama, na mwendo wa hamsini kwa saa vijijini hauna njia ya mkato. Tochi za trafiki zipo, na matuta yapo hata pale ambapo rangi imeshafutika. Vituo vinavyogawa safari vizuri ni Lindi, kisha Nangurukuru ambako ni karibu nusu ya njia, kisha Ikwiriri mkishavuka Daraja la Mkapa. Ondokeni kukishapambazuka. Alfajiri yenye giza ina baiskeli zisizo na taa na malori yaliyoegeshwa vibaya, hasa kipande cha Mtwara hadi Mnazi Mmoja (njiapanda ya Masasi, kabla ya Lindi) ambapo malori ya makaa ya mawe yanaingia bandarini.

Upakiaji uende hivi. Kinachohitajika gari likiwa linatembea kikae mkono unapofika. Kinachohitajika likisimama kikae mlangoni mwa buti. Cha kutumia mkifika Dar kikae chini kabisa. Wengi hupanga kwa ukubwa wa mzigo, ndiyo maana pampasi hukutwa chini ya sanduku la nguo za harusi.

Ila buti la gari dogo lina mtego wake: spea taya iko chini ya sakafu ya buti. Ukipata pancha katikati ya Mchinga na Kiranjeranje, utashusha mizigo yote pembeni mwa barabara kabla hujaiona. Kwa hiyo leo, siyo siku ya safari, nyanyua ile sakafu uhakikishe mambo matatu: spea ipo kweli (magari mengine hutoka Japani na kopo la gundi tu), ina upepo, na spana ya nati inaingia kwenye nati zako. Spea ikiwa ile nyembamba, imeandikwa mwendo wake pembeni, kawaida mwisho kilomita 80 kwa saa, nayo ni ya kukufikisha kwa fundi, siyo Dar. Kisha toa jeki, spana na zile pembetatu mbili za tahadhari, vifunge pamoja kwenye kitambaa, uvibane pembeni mwa buti juu ya mizigo. Usiviweke chini ya siti ya dereva. Chupa ya maji tu ikibiringika mpaka nyuma ya breki, pedali haishuki.

Kukaa: kiti cha mtoto mdogo kiwe siti ya nyuma kushoto, kikitazama nyuma. Kushoto ndiko kwenye ukingo wa barabara, humtoi mtoto upande wa malori. Isitoshe, kuanzia Mnazi Mmoja mnaelekea kaskazini, jua la asubuhi litakuwa kulia. Kisikae mbele kabisa, maana ule mfuko wa hewa wa kwenye dashibodi ukifumuka unampiga mgongo wa kiti na kichwa cha mtoto. Ukishakifunga, shika pale mkanda unapopita, tikisa kwa nguvu. Kikisogea zaidi ya sentimita mbili na nusu, bado hakijakaza. Mkubwa akae nyuma ya dereva kwenye kiti cha kumnyanyua, ili mkanda upite katikati ya bega na chini kwenye mifupa ya nyonga. Ukipita shingoni na tumboni, breki ikishikwa ghafla mkanda wenyewe utamuumiza. Wewe kaa katikati yao. Kumpakata mtoto siyo kumlinda. Gari likigonga, hakuna mikono inayomzuia.

Nesi Mstaafu
Nianze na matapishi, maana hapo watu hujikuta wameloa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na mifuko mbadala iliyopo madukani ni kama kitambaa, inapitisha maji. Ukimkingia mtoto mfuko mbadala, umelikingia paja lako. Tafuta vindoo viwili vya siagi vya lita moja, vyenye mfuniko unaobana. Chini ya kila kimoja tandika tishu kavu mikunjo minne au mitano; zinanyonya, matapishi hayamwagiki gari likipita kwenye tuta. Akimaliza, funika, shusha kioo kidogo, mpe maji asukutue. Kituo kinachofuata mnamwaga, mnasuuza, mnatandika tishu mpya. Kindoo kikae kati ya miguu ya mtoto, siyo ndani ya begi. Kati ya mtoto kusema "mama, tumbo" na kutapika hupati hata sekunde kumi.

Sababu ya kichefuchefu: sikio la ndani linasema tunatembea, jicho lililoganda kwenye simu linasema tumetulia. Kwa hiyo hakuna katuni kwenye simu, hakuna kitabu. Kiti cha kumnyanyua alichokitaja dereva kinasaidia hapa pia, kwa sababu mtoto anaona nje. Asisafiri na tumbo tupu, wala asishibe mafuta. Nusu chapati kavu saa moja kabla ya kuondoka inatosha. Zipo dawa za kuzuia kutapika, ila hunywewa kabla ya safari. Akishaanza kutapika zinatoka na matapishi. Promethazini haipewi mtoto chini ya miaka miwili, na kwa mkubwa inaleta usingizi mzito, hivyo dozi ipangwe na mfamasia baada ya kumpima uzito.

Mfuko wa dawa ni mdogo tu:
- Parasetamoli ya maji na bomba lake la kupimia. Kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya mtoto, kila baada ya saa sita, si zaidi ya mara nne kwa siku. Mtoto wa kilo 8 akinywa ile ya miligramu 120 kwa mililita 5, mililita 4 zinatosha. Soma chupa yako, nguvu hutofautiana. Kijiko cha chai cha nyumbani siyo kipimo.
- ORS pakiti nne. Angalia pakiti inataka lita moja au nusu lita. Ukikosea ukaweka maji machache, chumvi inazidi na mtoto anazidi kuumwa. Mchanganyiko ukifika saa 24, mwaga. Chini ya miaka miwili mpe mililita 50 hadi 100 kila akiharisha, mkubwa 100 hadi 200, kwa kijiko au kikombe, taratibu.
- Zinki akiharisha: wote wawili wamevuka miezi sita, kwa hiyo ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 hadi 14, hata kuhara kukiisha.
- Kipimajoto cha kidijitali, bandeji, plasta, mkasi, sabuni.
- Chandarua kimoja cha kulalia mkifika. Homa ikimshika mtoto ndani ya wiki mbili baada ya safari, apimwe malaria kwanza, msiikisie.

Kadi ya kliniki na kadi ya bima zikae kwenye begi lako la mkononi. Hospitali ya njiani haimjui mwanao, kadi ndiyo inayomweleza.

Mpishi wa Shangani
Mama Swaumu, wali wa nazi uache nyumbani. Najua ndicho chakula cha safari cha watu wetu, ila tui linachacha mapema, na wali uliopoa polepole kwenye hotpoti huotesha vijidudu vinavyoacha sumu isiyokufa hata ukiupasha. Chakula kilichopikwa chenye unyevu kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, na ndani ya gari lililoegeshwa juani fanya saa moja. Samaki na maziwa vivyo hivyo.

Vinavyofika salama: chapati kavu zilizopoa kabisa kabla ya kufungwa (ukizifunga za moto zinatoa jasho, jioni zina ukungu), viazi vitamu na mihogo ya kuchemsha vilivyokaushwa maji (viliwe mapema, ndani ya saa mbili hizo), ndizi mbivu ngumungumu, machungwa, matango ambayo hayajamenywa. Mayai ya kuchemsha yabaki na maganda, yaliwe kabla ya Lindi. Mnaweza kula cha moto Nangurukuru. Chagua kinachotoka jikoni wakati huo, siyo kilichopangwa kwenye kabati la kioo.

Uji wa mdogo: suuza chupa ya chai kwa maji yanayochemka, uiache nayo dakika tano, mwaga, ndipo utie uji unaochemka mpaka juu. Watu hutia uji wa moto kwenye chupa baridi iliyojaa nusu, halafu wanalaumu chupa. Utengeneze mwepesi kuliko kawaida, huko ndani unazidi kuwa mzito. Sukari na maziwa usitie. Kikombe kimoja kikishamiminwa, kisichomalizika hakirudi.

Na korosho. Mnatoka Mtwara, lazima kilo moja itakuwemo kwenye dashibodi. Chini ya miaka mitano korosho nzima, karanga, bisi na pipi ngumu hazifai ndani ya gari linalotembea. Tuta moja, korosho imeshuka njia ya hewa, na wewe umefungwa mkanda. Wa miaka mitano naye ale mkiwa mmesimama, ameketi, hachezi.

Dereva wa Kusini
Hapo kwenye korosho niongeze: akipaliwa, simamisha gari kwanza. Mtoto chini ya mwaka mmoja mlaze kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini, umpige mara tano katikati ya mabega kwa kisigino cha kiganja. Kisipotoka, mgeuze chali, mkandamize katikati ya kifua mara tano. Rudia. Usitie kidole kooni kwa kubahatisha, unakisukuma ndani.

Mchinga Mbili
Wakuu, naona hakuna aliyetaja keria. Mzigo ukiwa mwingi si uwekwe juu?

Dereva wa Kusini
Vitu vyepesi tu: magodoro, nguo. Ukipakia gunia la mihogo juu, gari linayumba kwenye kona na breki inachelewa. Turubai nalo likifungwa kamba moja linapigwa na upepo hadi linachanika kabla ya Lindi. Kwa watu wanne, mzigo usiotosha kwenye buti utumwe kwa basi.

Mama Swaumu
Asanteni sana, nimeandika yote. Bado maji na nguo. Na deli la barafu lina maana kwa safari ya siku moja?

Nesi Mstaafu
Ya kunywa: watu wazima lita mbili kila mmoja, mkubwa lita moja, mdogo ananyonya na kupewa kidogo kwa kikombe. Hiyo ni kama lita tano na nusu. Beba chupa sita za lita moja na nusu, ili gari likiharibika mkakaa juani mpaka jioni msiombe. Weka dumu jingine la lita kumi la kunawa na kusuuzia vindoo, ulifunge kitambaa chekundu kwenye kishikio ili lisichanganywe na la kunywa. Kumnyonyesha, gari lisimame. Wengi humtoa mtoto kwenye kiti "dakika mbili tu" likiwa kwenye mwendo.

Pampasi moja kwa saa mbili au tatu, kwa hiyo sita za njiani na nne za akiba. Nguo zifunge kwa seti: suruali, fulana na chupi zimeviringishwa pamoja, tatu kwa kila mtoto, ili usipekue begi zima ukiwa umeshika mtoto mchafu. Na blauzi yako moja ya akiba. Hiyo ndiyo husahauliwa, na mtoto akitapika wewe ndiye uliye karibu. Kanga mbili: moja ya kutandika unapombadilisha, moja ya kukinga jua kwenye kioo cha mlango wa nyuma, ibane kwa kioo chenyewe. Usimfunike nayo mtoto kwenye kiti, hewa haipiti.

Deli linafaa ukiwa na maziwa uliyoyakamua au dawa inayotaka ubaridi. Vinginevyo linakula nafasi. Gandisha chupa mbili za nusu lita usiku, zifunge kwenye taulo. Mchana zimeyeyuka, mnazinywa.

Dereva wa Kusini
Mkisimama kununua chochote, watoto washuke nanyi, hata kama wamelala. Gari likizimwa juani joto la ndani hupanda kama nyuzi kumi ndani ya dakika kumi, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii. Kabla ya kuwasha tena, fungua mlango wa nyuma uangalie kile kikufuli kidogo cha ubavuni kwa ajili ya watoto kama kimewekwa, kisha jaribu kufungua mlango kwa ndani. Usipofunguka, kiko sawa.

Juni mvua imeisha, ila ulizia kipande cha Somanga siku moja kabla. Mei 2024 baada ya kimbunga Hidaya barabara ilikatika maeneo yale. Ukikuta mchepuko, funga vioo na uwashe kiyoyozi cha kuzungusha hewa ya ndani mpaka mtoke kwenye vumbi. Mafuta jaza Mtwara, ongeza Lindi hata kama geji iko nusu.

Mama Swaumu
Nimenyanyua sakafu ya buti sasa hivi. Spea ipo, spana haipo.

Dereva wa Kusini
Pima nati kwanza, usinunue kwa macho. Toyota nyingi ndogo ni namba 21. Chukua ile ya msalaba yenye vichwa vinne, na uijaribu hapohapo dukani kwenye nati zote za magurudumu yote, maana fundi wa zamani anaweza kuwa aliweka nati isiyofanana na nyingine.