Kuh: Kaka kagongwa na lori Houston. Fidia inadaiwaje, na ni nani wa kudai?

Kutoka: mdogo wa marehemu, Houston

Shikamooni wakubwa, na wenzangu poleni na majukumu.

Kwanza ahsanteni kwa michango. Mwili wa kaka utasafirishwa Alhamisi kupitia uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), na kamati imeshakata tiketi za shemeji na watoto wawili. Mungu awazidishie.

Naomba ushauri kwa jambo jingine. Kaka alikuwa anatoka shifti ya usiku, alfajiri, kwenye barabara kuu ya I-45, lori la mizigo likamgonga kwa nyuma. Polisi hawakumkamata dereva, na baadhi ya watu hapa wanasema kama hakukamatwa basi hakuna kesi. Tangu juzi mtu wa bima ya kampuni ya lori anampigia shemeji simu. Ni mpole sana. Anasema watalipia mazishi mara moja, shemeji asaini karatasi moja tu na akubali kuhojiwa kwa simu akirekodiwa. Jana tena msibani akatokea kijana asiyejulikana na mtu yeyote, kaacha kadi za wakili.

Wazee nyumbani wanasema tusubiri kikao cha ukoo baada ya mazishi, kiteue msimamizi wa mirathi, ndipo madai yaanze. Anayependekezwa ni kaka yetu mkubwa. Je, tusubiri?

---

Kutoka: dada yenu, Katy, Texas

Mdogo wangu, pole sana. Mume wangu aliondoka vivyo hivyo: lori, alfajiri, akiwa njiani kurudi nyumbani. Ni miaka kadhaa sasa. Mimi nilisubiri, na ninakuandikia kirefu kwa sababu ya kule kusubiri kwangu.

Mwambie shemeji usiku huu huu asisaini kitu wala asikubali kurekodiwa. Karatasi za namna hiyo kwa kawaida ni za kusamehe madai yote, na yale mahojiano yanatafuta neno moja tu, kama "siku hizo alikuwa amechoka". Hapa Texas, ikionekana marehemu alichangia ajali kwa zaidi ya asilimia 50, familia haipati hata senti. Akichangia pungufu ya hapo, fidia inakatwa kwa kadiri ya kosa lake. Mjane aliyelia usiku kucha asiwekwe kwenye simu hiyo. Amwambie yule bwana azungumze na wakili, kisha akate.

Kuhusu mwili: kabla ya Alhamisi ulizeni kama daktari wa kaunti anayechunguza vifo amemaliza kazi yake, na kama damu imepimwa. Najua wazee hawapendi marehemu apasuliwe. Mama mkwe wangu alinililia kwenye simu nisikubali. Lakini kipimo kile ndicho kilichowanyamazisha wa upande wa pili walipoanza kuuliza kama mume wangu alikuwa amekunywa. Mwili ukishazikwa Rombo, nani atakwenda kuufukua?

Sasa lori lenyewe. Hapa ndipo nilipopoteza mimi. Nilingoja arobaini ipite. Nikaenda nyumbani nikakaa miezi mitatu, nikarudi sina nguvu hata ya kufungua barua. Nilipoingia ofisini kwa wakili, mwezi wa saba tangu ajali ulikuwa umeanza. Sheria ya shirikisho inamkataza dereva wa lori la mizigo kuendesha zaidi ya saa 11, na hizo ziishe ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, akiwa amepumzika saa 10 mfululizo. Kifaa kilichomo ndani ya lori kinaandika yote hayo. Lakini kampuni inalazimika kuitunza rekodi hiyo miezi 6 tu. Wakili alipoiomba alijibiwa kwamba imeshafutwa kwa utaratibu wao wa kawaida, na hawakuwa wamevunja sheria yoyote. Fidia ilikuja mwishowe, kwa usuluhishi, siku nzima tumekaa vyumba viwili tofauti na msuluhishi anatembea katikati. Ila yule dereva alikuwa usukanini saa ngapi mfululizo siku ile, sijui mpaka leo. Ninalala na swali hilo na kuamka nalo.

Barua moja ya wakili kwenda kwa kampuni, ya kuwataka watunze ushahidi wote, ingezuia jambo hilo. Ikipelekwa wiki hii wakafuta kitu baadaye, watajibu mbele ya jaji. Na itaje kila kitu: rekodi za saa, kompyuta ya injini, kamera, simu ya dereva, matengenezo ya breki. Gari la kaka nalo liko yadi gani? Ada ya kulihifadhi inapanda kila siku na mwishowe litauzwa kama chuma chakavu, nalo ni ushahidi. Vituo vya mafuta vilivyo karibu na pale mpite leo mwombe picha za kamera, kwa sababu nyingi hujifuta zenyewe. Ripoti ya polisi ya ajali huku inaitwa CR-3, inanunuliwa kwenye tovuti ya idara ya uchukuzi ya jimbo, TxDOT, kwa dola 6.

Dereva kutokamatwa kusiwasumbue. Kesi ya jinai ni ya serikali, na lazima ithibitishwe pasipo shaka. Madai haya ni ya familia, nayo yanaangalia tu upande gani una uzito zaidi. O.J. Simpson, mchezaji maarufu aliyeshtakiwa kwa kumuua mke wake wa zamani na rafiki wa mama huyo, aliachiwa na mahakama ya jinai mwaka 1995, na mwaka 1997 baraza la mahakama ya madai (raia wa kawaida wanaoamua kesi) likamwona anawajibika kwa vifo vile vile viwili.

Sasa nifike kwenye kikao cha ukoo, na hapa naomba wazee wanisikilize kwa upole. Sheria ya Texas inawataja watu wa aina tatu tu wenye haki ya kudai kwa kifo cha mtu: mwenzi wake wa ndoa, watoto wake, na wazazi wake. Ndugu wa tumbo moja hawamo. Wewe humo, mdogo wangu, na kaka yenu mkubwa hayumo, hata kama ndiye aliyemsomesha marehemu. Muhtasari wa kikao cha ukoo utahitajika mahakama ya mwanzo kule nyumbani kwa ajili ya shamba na nyumba. Huku haumpi mtu haki yoyote. Miezi 3 ikipita bila yeyote kati ya wale watatu kufungua kesi, msimamizi wa mirathi anaweza kuifungua, isipokuwa wote wamemwomba asifanye hivyo, na hata akiifungua ni kwa faida yao wale wale. Madai ya pili, ya maumivu aliyoyapata marehemu kabla ya kukata roho na gharama za hospitali, hayo ndiyo ya mirathi.

Kwetu jambo hili liliniuma kuliko korti. Shemeji zangu walibeba msiba wote, wakalala sakafuni kwangu wiki mbili, na baadaye nikalazimika kuwaambia kwamba majina yao hayataingia. Mmoja hakuzungumza nami mwaka mzima. Wakapendekeza fungu la watoto limalizie nyumba ya marehemu Moshi. Haiwezekani. Fungu la mtoto mdogo linapitiwa na jaji, anateua mtu wa kulisimamia kwenye kesi hiyo, na pesa zinawekwa hadi mtoto afikishe miaka 18 au zinapangwa zimlipe kidogo kidogo. Waambieni mapema, kwa mdomo, na aseme mtu mzima. Wasije kulisikia kwa wakili.

Mama yenu, lakini, yumo. Hahitaji uraia wala viza ili adai. Anachohitaji ni kuonyesha kwamba kaka ni mwanawe na kwamba amepoteza kitu. Hapo kazi ipo. Mume wangu alizaliwa kijijini, hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na jina la katikati kwenye pasipoti halikuwa la kwenye cheti cha ubatizo. Tulianza parokiani, tukaenda kwa msajili wa vizazi na vifo (RITA) wilayani, tukaishia kwa wakili kuapa hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Anzeni wakati shemeji yuko nyumbani. Na tunzeni kumbukumbu zote za pesa alizomtumia mama: M-Pesa, benki, hata ujumbe wa "nimepata mwanangu". Sisi tulizoea kuona ni mambo ya mtu na mama yake. Kwa baraza la mahakama huo ndio ushahidi kwamba mama alikuwa anakula na kutibiwa kwa mkono wa mtoto huyu. Upweke na uchungu wa moyo navyo vinadaiwa, kwa mke, kwa mtoto, kwa mzazi.

Kuna wakati mke na mama mkwe wanagawana chungu kimoja, yaani bima ya lori. Lori la mizigo ya kawaida linalovuka majimbo linatakiwa kuwa na bima isiyopungua dola 750,000, na kampuni nyingine zina hiyo tu. (Angalieni pia bima ya gari la kaka mwenyewe, kipengele cha kugongwa na mtu mwenye bima ndogo.) Ningekuwa mimi, mama angekuwa na wakili wake. Tulitumia mmoja, na mpaka leo sijui kama mama mkwe anaamini hakupunjwa.

Yule kijana wa kadi achaneni naye. Wakili kutuma mtu kutafuta wateja msibani ni kosa la jinai Texas, na hata barua haruhusiwi kuwaandikia kabla siku 30 hazijapita tangu ajali. Mkataba uliopatikana kwa njia hiyo unaweza kufutwa. Tafuteni wenyewe, mwangalie jina lake kwenye tovuti ya chama cha mawakili cha jimbo kama ana adhabu. Halipwi kitu mwanzoni. Mara nyingi huchukua theluthi moja mkielewana kabla ya kesi, na asilimia 40 kesi ikishafunguliwa. Ulizeni kama gharama za wataalamu zinatolewa kabla ya kukata asilimia yake au baada. Tofauti ni kubwa, na lazima iandikwe.

Muda wa kufungua kesi ni miaka 2 tangu siku ya kifo. Kama lori lingekuwa la jimbo, kaunti au mji, taarifa ingetakiwa ndani ya miezi 6, na miji mingine imeweka pungufu ya hapo. Kwa hiyo hakikisheni lori ni la nani hasa.

---

Kutoka: mwanajumuiya, Chicago

Poleni sana kutoka kwetu Wakenya wa huku. Naunga mkono la mama kudai akiwa nyumbani. Ndege ya Ethiopian Airlines iliyoanguka tarehe 10 Machi 2019 ikielekea Nairobi iliua watu 157, na Wakenya walikuwa 32. Familia nyingi hazijawahi kuishi Marekani, lakini kesi zao dhidi ya Boeing ziliwekwa mahakama ya shirikisho hapa Chicago, na Novemba 2021 Boeing ilikubali kuwajibika kwa fidia ya hasara. Wazazi walidai kama wazazi. Hakuna aliyeambiwa arudi kwa kukosa pasipoti ya huku.

---

Kutoka: mama wa Reading, Uingereza

Poleni. Kwa walio huku, msichukue ya Texas mkayaleta kwetu. England na Wales muda ni miaka 3. Ile fidia ya majonzi ni kiasi kilichopangwa, pauni 15,120 kwa vifo vya tangu Mei 2020, na inakwenda kwa mwenzi, au kwa wazazi ikiwa marehemu ni mtoto chini ya miaka 18. Mzazi aliyefiwa na kijana wa miaka 25 hapati hiyo, jambo ambalo mimi naliona ni ukatili. Ila kwa hasara ya matunzo, hata ndugu anaweza kudai ikiwa alikuwa anamtegemea marehemu.

---

Kutoka: mdogo wa marehemu, Houston

Dada, ahsante. Nimemsomea shemeji ujumbe wako wote. Simu ya bima amekata. Gari liko yadi ya Pasadena, na wakili atakutana nasi kesho saa 4 asubuhi.

Swali moja limebaki, na nimetumwa kuliuliza. Kaka na shemeji hawakuwahi kufunga ndoa kanisani wala bomani. Mahari ilitolewa, send-off ilifanyika, wameishi hapa miaka tisa. Wakili wa bima atasema si mke?

---

Kutoka: dada yenu, Katy, Texas

Atajaribu kusema hivyo. Mna njia mbili. Texas inatambua ndoa isiyo na cheti: wawe walikubaliana kuwa mume na mke, wakaishi pamoja hapa hapa Texas hivyo, na wakajitambulisha kwa watu hivyo. Tafuteni fomu za kodi walizojaza kama wanandoa, mkataba wa nyumba wenye majina yote mawili, bima ya afya aliyomwandikisha kama mke, fomu za shule za watoto. Hizo zina nguvu kuliko sisi kuja kuapa.

Njia ya pili ni ndoa ya nyumbani yenyewe, kwamba ilikuwa halali ilikofungwa. Shemeji akiwa Rombo akusanye barua ya uchumba, daftari la mahari kama wazee waliandika, picha na video za send-off, na washenga wawili wakaape kwa wakili. Wawe wa pande zote mbili, wa kwao na wa kwenu. Ushahidi wa ukoo wa mume kwamba "huyu ni mke wetu" hakuna wa kuupinga, kwa hiyo kama kaka yenu mkubwa anatafuta kazi ya kufanya kwenye kesi hii, ni hiyo.

Watoto haki yao haitegemei cheti cha ndoa. Ila vyeti vyao vya kuzaliwa viwe na jina la baba. Angalieni leo, kabla hamjafunga mabegi.

Kesho nitakuja na gari saa 3, niwapeleke kwa wakili. Shemeji asiendeshe.